Karatasi Nilizofungia Glasi

Kufunga vitu najua. Tangu nimalize chuo nimehama mara tano na sijavunja hata kisosi. Sahani husimamishwa kwa ukingo, hazilazwi. Vizito chini, vyepesi juu. Kila glasi ivikwe karatasi yake, ndani na nje, na mianya yote ijazwe taulo, mpaka ukitikisa boksi usisikie kitu. Kwa hiyo mume wangu Plamen aliposema mama yake atahama kijijini aje kuishi nasi mjini Ruse, nilimwambia, "Wewe tafuta gari. Vyombo niachie mimi."

Mama mkwe wangu anaitwa Stoyna, ana miaka sabini na tisa. Baba mkwe, Gancho, alifariki Oktoba ya mwaka uliopita, na tangu hapo mama alibaki na jiko la kuni na kuku watatu. Hakutaka kuhama. Alikubali kwa sharti moja: kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mzee ifanyike kijijini, wiki mbili baada ya kuhama, na matangazo yenye picha yake, kama ilivyo desturi yetu kwa marehemu, yabandikwe kila mahali alipozoea kukaa akiwa hai.

Siku ya kufunga vyombo alinichosha. Kila kikombe alikishika, akakipuliza, akanisimulia kililetwa na nani.

"Mama, kwa mwendo huu tutahama Krismasi."

"Kwani gari linakimbia? Hiki alikileta shangazi yake Gancho. Alikuwa na jicho moja, lakini vyombo alijua kuchagua."

"Nenda kwa Pena ukamuage. Hapa niachie."

"Unanifukuza kwangu?"

"Nakufukuza jikoni tu."

Akacheka, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa jirani. Nikaongeza kasi. Saa nane magazeti yakaniishia, na zilikuwa zimebaki glasi kumi na mbili za kioo cha kuchonga, zawadi ya harusi yake. Nikapekua jikoni. Chini ya sanduku la unga nikakuta bunda la karatasi limefungwa kwa uzi, upande mweupe juu. Karatasi safi, nzito kidogo, zinazofaa kabisa. Niliona kuna maandishi upande wa pili nikadhani, bila kugeuza, ni matangazo ya uchaguzi, maana mzee alikuwa hatupi kitu. Nikakata uzi. Karatasi mpya ni ngumu, lazima uifinyange kwanza mkononi ilainike. Nikazifinyanga zote ishirini, moja baada ya nyingine, nikajaza boksi na kuandika juu yake VYA KUVUNJIKA.

Asubuhi ya pili Ruse, nikiwa nasafisha kabati, mama mkwe akasimama mlangoni.

"Zornitsa, bunda langu liko boksi gani?"

"Bunda gani, Mama?"

"La Gancho. Matangazo yake ya mwaka. Nilipanda basi mwenyewe mwezi wa nane nikayachapisha mjini, nikayaweka chini ya sanduku la unga yasipate unyevu."

Nikakumbuka uzi niliokata.

"Sijaliona," nikasema.

Nilisema haraka, bila hata kufikiri, kama mtu anayepangusa maji yaliyomwagika. Alipoingia bafuni nikafungua boksi. Glasi ya kwanza ilitoka nzima, inang'aa. Nikaikunjua karatasi yake. Alikuwa Gancho, na kofia yake, ndani ya fremu nyeusi, anacheka kidogo. Mkunjo ulikuwa umempita puani mpaka shingoni. Nikakunjua ya pili, ya tatu. Nikazikusanya zote kwenye mfuko wa taka, nikauficha kwenye baraza la juu, nyuma ya ndoo ya maganda ya viazi. Nilijiambia nitachapisha mapya kimyakimya na hakuna atakayejua.

Angeniuliza mara moja tu ningenusurika. Lakini alirudi.

"Una hakika hujaliona? Lilikuwa na uzi mwekundu."

"Labda ulilisahau kwa Pena, Mama."

Hili la pili ndilo linalonitafuna hadi leo. La kwanza lilinitoka. Hili nililitunga.

Siku tatu alitafuta. Alifungua maboksi yote niliyoyapanga, akakagua mifuko ya makoti, akaingiza mkono ndani ya viatu. Alimpigia Pena simu mara nne, na Pena naye akaenda kupekua banda la kuku. Mimi nilipita pale na ufagio wangu, mwanamke mwenye kazi nyingi. Mimi ninayemfokea binti yangu akinidanganya kwamba amepiga mswaki.

Siku ya tatu, mchana, tukiwa kwenye supu, aliweka kijiko chini.

"Plamen, mwanangu, kichwa changu kimekwisha."

"Mama, acha hayo."

"Sikiliza. Naiona mikono yangu ikifunga ule uzi. Naiona kabisa. Kumbe haikuwa hivyo. Mama yangu alianza hivihivi, na mwisho akawa ananiita dada. Nitafutieni nyumba ya wazee kabla sijaacha gesi wazi na mtoto yumo ndani."

Plamen akanitazama nimsaidie kumtuliza. Nilikuwa nakata mkate. Nikakata kipande kingine ambacho hakuna aliyekihitaji. Mikono ya mama mkwe ilikuwa mezani, ameigeuza viganja juu, anaitazama kama mali ya mtu mwingine.

Nikaenda barazani, nikarudi na mfuko, ganda la kiazi limeugandia, nikaumwaga mezani kando ya supu.

"Kichwa chako ni kizima, Mama. Ni mimi. Nilifungia glasi."

Alichukua karatasi moja, akaikunjua kwa kidole, taratibu. Lilitokea jicho moja, kisha kofia.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi uliyoniuliza."

"Ukaniacha nimpigie Pena mara nne."

"Ndiyo."

"Nikapekua viatu."

"Ndiyo, Mama."

Plamen akafungua mdomo. "Wewe kula," mama yake akamwambia bila kumtazama. Nikasema kesho asubuhi na mapema nitakwenda kuchapisha mapya, mazuri kuliko haya.

"Na haya utayapeleka wapi? Kwenye maganda ya viazi?" Akasukuma sahani. "Lete pasi."

Nikawapiga pasi akina Gancho ishirini, kitambaa chembamba juu, moto mdogo. Alikaa pembeni yangu mpaka wa mwisho. Neno pekee alilosema lilikuwa, "Polepole hapo puani." Karatasi zilinyooka, lakini mikunjo haikutoka. Ilibaki myeupe, mistari mistari, uso mzima.

Jumamosi ya kumbukumbu tulifika kijijini mapema. Yeye alibeba bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ya kugawia watu kumkumbuka marehemu, mimi selotepu na mkasi. Tulibandika kwenye lango la nyumba, kituo cha basi, na kwenye mti wa uwanjani ambapo mzee alikuwa akicheza karata. Kwenye mlango wa duka walisimama wanawake watatu, Pena akiwa mbele. Akasogeza miwani.

"Stoyna, mbona Gancho kazeeka hivi? Tulimzika hana mikunjo yote hii."

Mkono wangu ulisimama na selotepu hewani. Angeweza kusema mvua. Angeweza kusema mashine ya uchapishaji. Mungu anisamehe, nilitamani adanganye kwa ajili yangu, palepale, mbele ya uso wa mumewe.

"Mkwe wangu alimtumia kufungia glasi," akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani ya duka. "Kisha akaniambia nimesahau mwenyewe."

Wanawake walinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Huyu ndiye mwenye diploma?" Pena akauliza.

"Huyu huyu."

"Na glasi? Zilivunjika?"

"Hata moja."

"Basi Gancho kafanya kazi mpaka leo."

Walicheka, na mama mkwe akacheka nao, huku akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Mimi sikuweza. Nilitamani mlango wa duka ufunguke nizame ndani, nitokee upande wa pili wa kijiji.

Akachota karatasi nyingine kutoka kwenye bahasha, akaitazama kidogo, kisha akaniwekea mkononi.

"Shika kona zote mbili," akasema. "Na usiikunje."

Nikaishika.