Waya wa Mama Nyuma ya Redio

Baba alipotimiza miaka sabini nilimnunulia redio mpya ya gari. Ile ya zamani ilinyamaza mwaka uleule aliofariki Mama, naye Baba hakuitengeneza. Gari lenyewe, Volkswagen ya mgongo wa kobe, aling'ang'ania kulitunza hata baada ya wenzake wote pale mtaani kwetu Gulele kuhamia kwenye magari ya Kijapani.

Fundi Mesfin aliifunga Jumamosi. Ikaimba, tukapiga makofi. Asubuhi yake Baba alijitanda shuka lake jeupe la kanisani, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Kimya. Majirani wakatusukuma hadi kwenye mteremko.

"Bwana Beyene, uza hilo kobe ununue punda!" jirani yetu Wubshet alipiga kelele. "Punda haishiwi betri!"

"Punda wako naye haimbi," Baba alijibu. "Sukuma!"

Kesho yake ikawa vilevile.

"Betri imezeeka, Baba."

"Nani kakwambia? Nimeinunua juzi tu. Kuna kitu kinainyonya gari likiwa limelala. Njoo unishikie taa."

Baba aliendesha malori ya bandari ya Assab, kupitia jangwani, ujana wake wote, na barabara ile ilikuwa imemfunza kujitibia gari mwenyewe. Alinyanyua kiti cha nyuma, akachomoa waya mmoja wa betri, kisha akaunganisha taa ndogo ya kupimia kati ya waya ule na betri. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Hata hivyo, taa ikawaka, kwa unyonge.

"Umeona? Umeme unatembea. Sasa chomoa fyuzi mojamoja, mimi naitazama."

Nilipiga magoti chini ya usukani. Nikachomoa ya kwanza, nikairudisha. Nikachomoa nyingine.

"Bado," alisema. "Bado. Bado... Hapo! Imezimika. Hiyo inakwenda wapi?"

Tukaitoa redio. Nyuma yake waya mbili za redio zilikuwa zimefungwa pamoja kwenye waya mmoja wa zamani, mwekundu uliopauka, uliokuwa na umeme hata bila ufunguo. Maungio yake ya zamani yalikuwa yamezungushiwa uzi wa pamba, ule wa kufumia pindo za shuka, wa kijani na manjano, kwa fundo dogo la kubana.

Baba alilishika lile fundo kwa vidole viwili, akalitazama.

"Mesfin hana kosa," alisema hatimaye. "Alikuta waya wa redio, akautumia. Ile ya zamani ukiizima imezimika. Hizi za siku hizi zinataka waya mmoja uje na ufunguo, la sivyo hazilali."

"Na huu nani aliuweka?"

"Unadhani nani? Tazama fundo. Nani mwingine alikuwa akifuma pindo za shuka humu ndani?"

Akakaa kwenye kiti cha abiria, miguu nje.

"Nilikuwa nikirudi safari nampeleka mama yako mjini. Nikipita kwenye mkahawa wa madereva namwambia, 'Zenebech, natoka sasa hivi.' Naondoka na ufunguo. Hilo sasa hivi langu, mwanangu! Vikombe vitatu vya kahawa na uongo wa jangwani. Nikirudi namkuta garini anatafuna shayiri ya kukaanga, redio inaimba. Mimi nikadhani swichi ya ufunguo imeharibika, kumbe alijivutia waya mwenyewe."

"Hukumuuliza?"

"Nilimwambia nitaitengeneza. Akasema, 'Iache, mume wangu, mbona haina shida.'" Alicheka mpaka akatoa leso. Alijifuta macho, na leso haikurudi mfukoni upesi.

Nilimuuliza kama tuukate. Akatikisa kichwa. Uzi ulikuwa umeoza, kwa hiyo tuliufungua, tukaunganisha upya na kuzungushia utepe wa umeme. Waya wa pili wa redio tukauhamishia kwenye umeme unaokuja na ufunguo. Kisha Baba akatafuta kitufe kidogo katika kopo lake la vikorokoro, tukakifunga chini ya dashibodi, ili anayetaka kusikiliza gari likiwa limezimwa aweze, mradi akumbuke kukizima.

"Na wewe utakumbuka?" nilimtania.

"Nisipokumbuka, Wubshet yupo. Anahitaji mazoezi, tumbo limemzidi."

Asubuhi iliyofuata gari liliwaka mara moja. Baba akashusha kioo, akapiga honi mbele ya mlango wa Wubshet, akateremka nalo kwenda kununua mkate.