Watoto Wanaofanya Kazi

Hakuna kitu kilichomchosha Agness Nyangwine kama mtu anayeuliza swali bila kujua ameuliza nini. Alikuwa afisa ununuzi wa tawi la chuo kikuu pale Tarime mjini, na kwa muda mrefu alikuwa akiwapigia debe akina mama wa kikundi cha wakulima cha Nyanungu, ili wao ndio wauze maharage ya kantini ya wanafunzi. Chuo kilikuwa kimetangaza ununuzi wa haki: kununua kwa mkulima mwenyewe, bila kuharibu ardhi, bila kumnyonya mtu. Ilibaki kamati ya chuo kwenda kuwakagua tu. Agness alikwishawaambia washone midomo ya magunia kwa uzi mwekundu, ili yakifika chuoni kila mtu ajue ni yao. Wakashona yote.

Kamati yenyewe ilikuwa Dakta Thadeo, mwalimu wa maadili ya biashara, mgeni katika nchi ya Wakurya. Bhoke, mwenyekiti wa kikundi, aliwakaribisha kwa uji wa ulezi, wenzake wakakaa kando kwenye benchi. Dakta aliuliza habari za mbolea, akaonyeshwa samadi. Akauliza kama wanakata miti, akaridhika. Kisha akasogeza kiti.

“Na watoto, mama? Hapa watoto wanafanya kazi?”

Kwa mama wa Nyanungu swali hilo lina maana moja tu: umewalea, au umewaharibu? Mtoto asiyefanya kazi ni aibu ya mama yake mpaka ukweni.

“Wanafanya sana,” alisema Bhoke, uso ukimng'aa. “Huyu wangu mdogo hata haambiwi. Unaamka unakuta ng'ombe wameshatoka.”

Wenzake hawakukubali kuachwa nyuma. Mmoja akamsifu binti yake kwa palizi, mwingine mapacha wake kwa kuchota maji, na wa tatu akaapa kwamba wa kwake wanapiga maharage mpaka wafukuzwe wakale. Agness akakohoa, akajaribu kueleza. Dakta akainua mkono, akasema kwa upole kwamba sauti ya mkulima isizibwe.

Njia nzima ya kurudi Agness alibisha mpaka koo likamkauka. Alimuuliza kama alimwona mtoto hata mmoja pale, ilhali wote walikuwa shule. Alimweleza kwamba kufungulia ng'ombe kabla ya kwenda shule ndivyo hata yeye alivyolelewa. Dakta alimsikiliza vizuri tu, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Agness zaidi.

“Nakuelewa,” alisema. “Lakini wamesema wenyewe, kwa midomo yao.”

Basi kikundi kikaanguka, kwa kosa la kutumikisha watoto. Zabuni ikaenda kwa Mwikwabe, mfanyabiashara wa mjini mwenye ofisi na feni. Alipoulizwa swali lile lile alicheka, akajibu kwamba yeye hana mtoto yeyote kazini. Kweli kabisa, hata shamba hana.

Mzigo ulipoletwa, Agness alikwenda stoo kuupokea. Magunia yalishushwa moja baada ya jingine, na kila gunia lilikuwa na mdomo wa uzi mwekundu. Alimwita Dakta aje aone kwa macho yake. Dakta akaugusa uzi, akasema muuzaji amepita kihalali na wanafunzi lazima wale. Agness alikuwa na hasira ya kulia. Akaishia kuwaambia wapagazi wasiyapange karibu na ukuta, kuna unyevu.

Simu yake ikaita. Alikuwa Bhoke.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mwikwabe ameyachukua kwa bei ya kutupa. Tungefanyaje, yangebunguliwa. Sasa, kama ni watoto waliotuangusha, tumekaa na wenzangu, tukafikiri. Yule dakta wenu akirudi, tutamwambia watoto wetu ni wavivu. Wanalala tu mpaka jua linawakuta kitandani. Hapo atanunua kwetu?”

Agness aliutazama ule uzi mwekundu. Kule kwao, mama anayemtangaza mwanawe mvivu mbele ya mgeni ni kama amemlaani, na Bhoke alilijua hilo kuliko yeye.

“Ndiyo, mama,” alisema. “Mwambieni hivyo.”