Mto Usiotoka Nyumbani

Chumba walichompa Filimbi kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na kwa bahati yangu mbaya kilipakana na darasa langu la hesabu. Filimbi ni mwalimu wa muziki. Jina hilo tulimpa sisi walimu wenzake kwa sababu hata akienda chooni anapiga mluzi. Nilimwonya mapema kwamba ngoma zake zikinivurugia hesabu za kugawanya, nitamfikisha kwa mwalimu mkuu. Akacheka, akanishikisha brashi ya rangi. Jumamosi nzima nikajikuta napaka kuta, mimi na ukali wangu wote.

Alitaka watoto wa darasa la pili wakiingia mle wajione wako kwao. Mcheza kwao hutunzwa, alisema, na mtoto asiyejiona kwao hafungui hata mdomo. Aliagiza kila mmoja alete kitambaa chakavu kutoka nyumbani, akavishona kuwa mito ya kukalia, akaipanga duara sakafuni. Madawati hakuyataka. Eti anayekaa nyuma ya mwenzake huimbia kisogo.

Sasa, darasani humo alikuwamo binti wa marehemu kaka yake, ambaye Filimbi anamlea tangu mwaka jana. Nyumbani ni shangazi, shuleni ni mwalimu. Amri hiyo aliiweka mwenyewe, maana midomo ya watu haina kufuli. Kwa kuogopa kusemwa kwamba anampendelea, alimwambia yule mtoto asihangaike na kitambaa, kisha akamshonea mto kwa kipande kilichobaki cha mapazia ya ofisi. Nilimwona akikikata. Nikamwambia anaruka majivu, atakanyaga moto. Akaniambia nishike hesabu zangu.

Siku ya kwanza watoto waliingia mbio, kila mmoja akisaka kitambaa chake. Mchezo ulikuwa hivi: Filimbi anapiga ngoma taratibu, mtoto anapiga makofi mawili na kusema mto wake umetokana na nini, wenzake wanaitikia kwa kurudia maneno yake ya mwisho. Shati la baba. Gauni la bibi. Shuka la mdogo wangu, analikojolea. Hilo waliliitikia kwa nguvu zote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimekuja kulalamikia kelele.

Zamu ilipomfikia yule binti, hakupiga makofi. Alikuwa bado amesimama kando ya mto wake.

“Mwalimu, wangu haukutoka nyumbani,” alisema. “Kwani mimi sina nyumbani?”

Hakuwa analalamika. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa. Ngoma ikanyamaza. Nilimwonea huruma Filimbi, nikamwonea mtoto zaidi, na malalamiko niliyokuja nayo yakanitoka kabisa.

Filimbi alipiga magoti mbele yake. Akafungua kilemba alichovaa, kile cha rangi ya machungwa asichomwazima mtu, akakizungushia kwenye mto na kukifunga fundo. Nywele zake hazikuwa zimesukwa, zilisimama kila upande, na watoto wakacheka.

“Unako nyumbani, mwanangu,” alisema. “Nimekosea. Niliogopa watu, nikakusahau wewe.”

Alirudi kwenye ngoma. Mdundo haukukaa sawa, hata mimi nisiyejua muziki nililisikia hilo. Yule binti aliketi, akajisogeza huku na huku mpaka mto ukamkaa vizuri, akapiga makofi yake mawili.

“Kilemba cha shangazi,” alisema kwa sauti kubwa. “Cha kwetu.”

Darasa zima likaitikia: cha kwetu, cha kwetu. Filimbi aliendelea kupiga ngoma kwa mkono mmoja, wa pili akifutia macho. Nilisikia wanafunzi wangu upande wa pili wakianza kurushiana vifutio. Sikwenda kuwanyamazisha.