Mkono wa Kulia wa Jenerali

Kitendawili, wajukuu zangu. Pacha wamezaliwa siku moja. Mmoja anasalimia wageni, mwenziwe anafichwa mfukoni. Mtasema mikono, na mmepata. Sasa niambieni, kwa nini kwa mzee Reverien aliyefichwa alikuwa wa kulia?

Hapa kijijini Heru Juu tulimwita Jenerali. Kwao Burundi alianza na kuchunga ng'ombe, akaingia jeshini, akapanda vyeo, na vita vilipochacha akaongoza watu mia tatu msituni. Alivuka mpaka kuja huku na kumi na mmoja tu. Kwetu alilima maharage, mistari imenyooka kama gwaride, na alimsalimia kila mtu kwa mkono wa kushoto. Wanywaji walimcheka: cheo alipata, malezi hakupata. Wengine walisema ana risasi kiganjani.

Jirani yangu Niyomwungere ndiye pekee ambaye hakucheka. Mumewe Kipriani alikuwa askari wa Jenerali, na hakurudi; wa mwisho kuwa naye alikuwa Jenerali. Kwa desturi yao tanga haliondolewi mpaka aliyemwona marehemu mara ya mwisho aseme alimwacha wapi. Na tanga lisipoondolewa, binti haolewi. Mwaka 2014 binti yao Akimana alikuwa na mchumba wa kijiji cha Makere, na wakwe walikwisha kurudishwa mara mbili. Walituma neno kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho.

Siku walipokuja mara ya tatu tuliuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake. Jenerali alikuja kama kawaida, akaulizwa habari za Kipriani kama kawaida, akainamisha kichwa. Niyomwungere akainuka, akauchomoa mrija wa Jenerali mtungini, akauvunja. Kwetu hakuna tusi linalopita hilo. Nikaona wakwe wanatafuta fimbo zao waondoke.

“Shemeji,” Niyomwungere akamwambia taratibu, “hata mbwa ukimwacha njiani unajua ni njia ipi. Kipriani ulimwacha wapi?”

Jenerali akautoa mkono wa kulia mfukoni mwa koti. Haukuwa na kovu lolote. Akauweka gotini, akautazama kama wa mtu mwingine.

“Kwenye matete ya mto Malagarasi,” akasema. “Alipigwa tumboni, akawa analia, na adui wanapita ukingoni, juu yetu kabisa. Nilikuwa na wengine kumi na mmoja wa kuvusha. Nilimziba mdomo kwa huu, mpaka akanyamaza.”