Tairi Alizochagua Binti Yangu

Mume wangu alianza kuendesha lori kabla sijamjua, na hakuna kinachomuudhi kama mtu kumfundisha habari za tairi. Kwa hiyo binti yetu alipomwambia mbele ya muuza tairi, "Baba, hizo hapana," nilijiweka sawa kwenye benchi la duka nitazame mchezo.

Mgongo ulikuwa umemshinda mzee wa watu. Daktari alimkataza kushika usukani, na jirani yetu mmoja akaanza kulizungukazunguka lori akiuliza kama tunauza. Mume wangu akakata shauri: binti apeleke mabomba kwenye kisima kinachochimbwa huko mchangani. Akifika bila kukwama, lori ni lake. Akikwama, jirani alichukue. Mimi sikuulizwa, nikanuna siku nzima.

Pale dukani, alizozitaka mume wangu ni tairi za kashata nene, yale meno ya mpira, zenye mitaro inayomeza kidole. Madereva wa rika lake wote wana imani hiyo: tairi ikiwa na meno, haikwami popote.

"Hizi zimenitoa kwenye matope yaliyoishinda trekta," alisema.

"Kwenye matope sawa, baba. Huko tuendako hakuna hata tone la maji, ndiyo maana wanachimba kisima. Meno haya yakizunguka kwenye mchanga yanachimba shimo, halafu unakaa humo humo."

Muuza tairi akacheka, kisha akauona uso wa mume wangu, akajifanya anakohoa.

Binti akachagua tairi pana, za kashata fupi. Alizibonyeza ubavuni kwa goti kuona kama ni ngumu, maana kabla ya mchanga kuna barabara ya vumbi yenye mawe makali. Moja aliikataa ingawa ilikuwa inang'aa. Alisoma tarehe ya kutengenezwa, akasema imekaa sana ghalani na mpira umekauka. Mimi tairi sizijui, lakini namjua mnunuzi anayebahatisha, na yule hakuwa anabahatisha.

Tukaondoka watatu, mimi katikati niwaamulie. Mawe tuliyapita salama. Mchanga ulipoanza, binti akasimamisha lori, akashuka na kuanza kupunguza upepo kwenye tairi.

"Una wazimu?" mume wangu alifoka dirishani. "Lori lina mzigo wote huu, wewe unatoa upepo?"

"Zikilegea zinatanuka chini, baba. Zitapita juu juu. Tukitoka mchangani nazijaza tena."

Akapima kila moja kwa kipimo, bila haraka, wakati baba yake anamhesabia makosa. Kisha akapanda na kuondoa gari taratibu.

Katikati ya mchanga lori likaanza kuzama. Injini ikalia. Mguu wa mume wangu ulikuwa unakanyaga mafuta yasiyokuwepo, na mimi nilikuwa nimeushika mkono wake bila kujua. Binti hakubadilisha gia, hakugusa breki, hakuongeza kasi. Aliliachia lijikokote, macho mbele. Lori likayumba, likainuka, likaendelea. Hatukusimama tena mpaka kisimani.

Msimamizi wa kisima alikuja mbio na makoleo mawili mkononi, akamfuata mume wangu moja kwa moja na kumpa mkono.

"Karibu sana, dereva. Nilikuwa naandaa vijana waje wakuchimbue. Hapo hapiti mtu."

Mume wangu akaupokea mkono, akautazama kidogo, kisha akamgeuza yule bwana kwa bega mpaka akatazamana na binti yetu.

"Dereva ni huyu mwanangu hapa," alisema. "Mimi ni utingo wake."

Kisha akazunguka nyuma ya lori, akiwa amejishika kiuno, akaanza kufungua kamba za turubai, kazi ambayo hakuwa ameigusa tangu ujana wake. Nilijivuna mpaka machozi yakanitoka, na sikujua ni kwa ajili ya yupi kati yao. Daktari alikuwa amemkataza na kamba pia. Siku hiyo sikumkumbusha.