Gari Lililokosa Pumzi

"Likienda taratibu halina neno," dada alimweleza kaka yake fundi. "Lakini nikikanyaga mafuta mlimani, linaishiwa nguvu. Jana nimepitwa na mtu wa baiskeli, kaka, tena akanipungia mkono!"

Fundi akawaka. Gari lilikuwa la mtumba, lenye turbo ya kuisukumia injini hewa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelikagua na kuiosha injini yake mwezi uliopita, kabla dada hajalinunua. Akapima turbo, ikawa nzima. Akakagua mipira ya hewa, hakuna uliovuja. Basi hasira zote zikawaangukia mafundi wa zamani wa gari hilo.

"Vichwa maji watupu! Wanashika spana kama wanakoroga uji!"

Alipofungua bomba linaloingiza hewa kwenye injini, akakuta tambara ndani. Injini ikienda polepole, hewa kidogo ilipenya. Ikivuta kwa nguvu, tambara lilikaba bomba zima.

"Umeona? Mpumbavu gani anaziba bomba maji yasiingie wakati wa kuosha, halafu anasahau tambara lake humo?"

Akalichomoa, akalitupa mezani. Dada akalikunjua. Kilikuwa kipande cha shati la maua mekundu, chenye kifungo cha bluu.

"Kifungo hiki nilikushonea mimi," dada alisema, "asubuhi ya harusi yako."

Fundi akanywea kama aliyemwagiwa maji. Akafunga boneti polepole, akampa dada ufunguo.

"Haya, nenda mlimani," alisema kwa sauti ndogo. "Na ukimpita yule wa baiskeli, mpungie na wewe."