Wote Wanamtaka Mkurugenzi

Nilipomtunga yule Mkurugenzi, nilitaka watu wamchukie. Ni mchezo wa redio, unarushwa kila Jumatano jioni, na mwandishi wake ni mimi. Nilimpa kampuni, gari na hasira, kisha nikamletea karani mgeni, binti mpole anayesomesha wadogo zake. Siku ya kwanza tu Mkurugenzi alihamishia meza ya Karani mbele ya mlango wake wa kioo, amwone kutwa nzima. Nikajisemea, hapo wasikilizaji watawaka.

Waliwaka kweli, ila kwa mahaba. "Jamani, anavyomtazama!" "Mwenzenu natafuta bosi kama huyo."

Nikaona labda sikukoleza. Nikamfanya amnyime Karani ruhusa ya kwenda kumuuguza dada yake. Wakasema hawezi kukaa bila kumwona. Nikamfanya amfukuze mhasibu kwa kosa la kucheka na Karani wakati wa chai. Wakasema huo ndio wivu wa kweli. Ningemfanya achome ofisi moto, wangesema anampasha joto.

Kinara wao alikuwa mama yangu mzazi. Mchezo ukiisha tu, simu inaita, hata salamu hakuna.

"Wewe mtoto, mbona unawatesa hawa? Waoze!"

"Mama, huyo bwana alimfukuza mtu kazi kwa sababu ya kicheko."

"Si kwa sababu anampenda?"

"Na baba angekukataza kwenda kumuuguza dada yako?"

"Baba yako angethubutu! Ningemng'oa meno. Lakini huyu ni wa redioni, bwana. Usinichanganyie mambo."

Haikupita wiki, mkuu wa vipindi akaniita ofisini kwake. Wenye tangazo la sabuni walikuwa wamefurahi, na sasa walitaka harusi.

"Karani hampendi," nikasema.

"Atampenda. Si wewe ndiye unayeandika?"

"Mkuu, hana namna ya kukataa. Ugali wake uko mkononi mwa huyo bwana."

"Ndiyo utamu wenyewe!" Akacheka, kisha akaanza kupanga karatasi zake. "Mkataba wako unakaribia kwisha, sivyo? Nakukumbusha kwa wema tu."

Nilisonya koridoni mpaka mfagiaji akageuka. Kisha nikaenda kuandika posa, na Karani nikamwandikia "ndiyo" yake, huku najiona bure kabisa.

Siku ya kurekodi, Mkurugenzi alipoza sauti, akaposa. Anayemwigiza tunamwita Besi kwa sauti yake nzito. Mwenyewe ni mtu wa haya, hata mlango haufungui bila kubisha. Dada anayeigiza Karani aliinua mkono. Alikuwa akiitazama karatasi.

"Samahani, mwandishi. Huyu akikataa, si atafukuzwa?"

"Pengine."

"Sasa mbona hamuulizi? Mimi ningeuliza kwanza."

Nikachukua kalamu, nikafuta "ndiyo", nikaandika: *Nikikataa, kazi bado ninayo?*

"Na mimi nijibu nini?" akauliza Besi.

"Usijibu."

"Nikae kimya redioni? Watadhani mitambo imekufa!"

"Sogeza kiti. Kilie kidogo, basi."

Ikarushwa hivyo hivyo. Ujumbe ukaja kwa fujo. Wengi walimtukana Karani: hana shukrani, anajidai, aondoke awapishe wenye kujua kupendwa. Mmoja tu aliandika kwamba aliwahi kumuuliza bosi wake swali hilo, naye akasogeza kiti vilevile. Huyo nilimsoma mara kadhaa. Mkuu alinuna kutwa, lakini simu za wasikilizaji zilikuwa hazikatiki, kwa hiyo mkataba akausaini, kwa sharti kwamba harusi iko palepale.

Jioni ile mchezo uliporushwa, mama hakupiga mara moja kama kawaida yake. Alipopiga, sauti ilikuwa ya chini.

"Mbona hakumjibu?"

"Hakuwa na jibu, mama."

"Si angesema tu, 'kazi unayo'? Kuna ugumu gani hapo?"

"Ndiyo nami nashangaa."

Nikamsikia akiizima redio yake. Nikafikiri, alhamdulillahi, hatimaye imemwingia.

"Sawa," akasema mama. "Basi Jumatano ijayo amwambie kazi anayo, halafu waoane."

Nikaiweka simu mezani, yeye akiwa bado anachagua rangi ya shela.